Baridi ya Masisi, mvua ya Walikale: mavazi ya bei nafuu kwa watu wa baiskeli, chukudu na pikipiki

Saa kumi na moja ya alfajiri, mbele jua itoke, barabara ya kutoka Mushaki kushuka Sake iko tayari na watu. Kuna wenye chukudu wamepakia viazi na makala, kuna wenye baiskeli (wengi tunasema kinga) wamefunga bido za maziwa, kuna motari wenye abiria wawili nyuma. Ukungu umefunika milima. Na wengi wao wamevaa singleti moja, jaketi ya jeans juu yake, na kambambili miguuni.

Watu wa mbali wanafikiri Kongo ni nchi ya joto tu. Mwenye amelala Masisi usiku mumoja anajua siyo kweli. Theluji hatuna, lakini tuko na milima, tuko na mvua, na tuko na watu wanaofanya kazi yao yote nje, juu ya magurudumu mawili. Mwenye anatetemeka hashiki freni vizuri. Mwenye vidole vimekufa ganzi hasikii kama mzigo umeanza kulegea. Njo maana tumeandika ukurasa huu: nini cha kuvaa, nini cha kununua kwanza, na nini cha kuacha, kwa mtu mwenye franga kidogo.

Jambo la kukumbuka ni moja. Baridi peke yake siyo inaangusha mtu barabarani. Ni maji na upepo vikikutana juu ya mwili. Kukaa mkavu na kufungia upepo njia haviombi pesa nyingi, vinaomba kujua.

Baridi yetu inatoka wapi

Sababu ya kwanza ni urefu wa milima. Kila ukipanda mita 1 000, hewa inapoa karibu digrii 6. Ziwa Kivu liko mita 1 460 juu ya usawa wa bahari, na Sake iko pembeni yake. Vilele vya Masisi vinapita mita 2 000. Walikale-centre, ndani ya pori, iko chini ya mita 1 000. Kwa hiyo mtu anayetoka Walikale kupitia Mpofi, Kibua, Kashebere na Nyabiondo kuelekea Masisi, anaweza kuanza safari akitoka jasho na kuimaliza meno yakigongana, bila hali ya hewa kubadilika hata kidogo. Ni yeye amepanda.

Sababu ya pili ni upepo wa mwendo. Hewa ya digrii 10 si kitu kikubwa ukisimama nyuma ya nyumba. Lakini ukishuka mlima kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi yako inaisikia kama digrii 6 au 7. Upepo ule unautengeneza wewe mwenyewe, hata kama majani ya miti hayatikisiki.

Sababu ya tatu njo kubwa kuliko zote: maji. Maji yanaondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa kavu. Shati iliyolowa ni kama kutembea ndani ya mto. Na maji hayo hayatoki mvuani peke yake. Jasho pia ni maji.

Kuhusu majira, usidanganyike na jina la kiangazi. Mwezi wa sita paka wa nane mvua inapungua, lakini usiku mawingu yakikosa, joto la ardhi linapanda juu na kupotea, na alfajiri inakuwa kali zaidi. Mwezi wa tisa paka wa kumi na mbili, na tena mwezi wa tatu paka wa tano, mvua njo adui. Kwa hiyo mu kiangazi unahitaji zaidi nguo ya kuzuia upepo na vumbi, mu masika unahitaji zaidi koti ya mvua.

Kupanda ni joto, kushuka njo hatari

Angalia mwenye chukudu. Chombo hiki tunakijua sote: kimeanza kuonekana mu Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, kinatengenezwa kwa mbao ngumu na magurudumu yaliyovikwa mupira wa tairi za zamani, na tangu 2009 kiko na sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini Goma. Mu mlima, mwenye chukudu anasukuma mzigo wa mamia ya kilo, anatoka jasho kama mu mwezi wa joto. Akifika juu anapanda, anapiga goti, na anaanza kushuka. Sasa hafanyi kazi tena, mwili hautengenezi joto, jasho limelowesha singleti, na upepo unampiga kifuani. Dakika kumi zile za kushuka zinamchukulia joto kuliko masaa mawili ya kusukuma.

Hata mabingwa wa dunia wamejifunza hii kwa shida. Tarehe 5 mwezi wa sita 1988, mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalipita mlima wa Gavia, Italia, ndani ya theluji. Timu ya Mumarekani Andy Hampsten iliona hali ya hewa mapema, ikaingia mu maduka ya kawaida ya pale na kununua ganti na kofia za watu wa kuteleza theluji. Wengine walipanda na nguo zao nyepesi. Wakati wa kushuka, wengi walisimama njiani, mikono haifanyi kazi tena. Hampsten hakushinda siku ile, alikuwa wa pili, lakini alichukua jezi ya kwanza na mwisho akashinda mashindano yote, Mumarekani wa kwanza kufanya hivyo. Baiskeli yake haikuwa na ajabu. Aliyemsaidia ni mwenye alifikiria ganti mbele ya wengine.

Funzo kwa mtu wa Masisi ni hili: panda ukiwa na nguo kidogo, na uweke nguo kavu pembeni ya kuvaa juu. Ukifika kwenye kilele, simama dakika mbili. Vua iliyolowa kama uko na ingine, vaa koti, funga zipu paka shingoni, halafu ushuke. Wengi wanafanya kinyume: wanavaa yote chini wakiwa na usingizi, wanalowa jasho njiani, na kule juu hawana kitu kikavu cha kuongeza.

Tabaka tatu, siyo koti moja kubwa

Wanaoendesha baiskeli mu nchi za theluji wanavaa nguo tatu nyembamba mahali pa moja nzito. Kila moja iko na kazi yake.

Ya kwanza inagusa ngozi. Kazi yake ni kuondoa jasho. Hapa pamba njo adui. Singleti ya pamba inakunywa maji na kukaa nayo siku nzima. Jezi ya mupira wa miguu, ile ya kitambaa laini kinachong'aa kidogo, ni nzuri zaidi: ni polyester, haishiki maji mengi na inakauka haraka. Karibu kila kijana iko nayo nyumbani.

Ya pili inashika joto. Hapa tafuta triko ya sufu au ile jaketi laini yenye manyoya mafupi kama blanketi. Sufu iko na sifa ya pekee: hata ikilowa, inabakiza joto kiasi. Triko ya acrylique si mbaya. Jeans ni mbaya kabisa, inakuwa nzito, inachukua siku mbili kukauka, na ikilowa inakupoza.

Ya tatu inafunga upepo na mvua. Inaweza kuwa nyembamba kama karatasi. Kazi yake siyo kutia joto, ni kulinda joto lako lisiibiwe.

Kwa vile tabaka ni tatu, unaweza kuvua moja mu mlima na kurudisha moja kwenye mteremko. Koti moja kubwa haikupi nafasi hiyo: unaivaa na kuloa jasho, ao unaivua na kuganda.

Namna ya kuchagua mu mitumba

Nguo za balo zinafika mu masoko yetu kutoka nchi zenye baridi, njo maana ndani ya lundo moja unaweza kupata kitu ambacho mu duka la Ulaya kingekuwa cha bei kali. Hatuandiki bei hapa. Inageuka kufuatana na dola, na barabara, na siku balo imefunguliwa. Lakini namna ya kupima nguo haigeuki.

Soma etiketi ya ndani, mara nyingi iko pembeni ya mbavu ao shingoni. Sufu inaandikwa laine kwa Kifaransa, wool kwa Kiingereza, Wolle kwa Kijerumani, lana kwa Kiitaliano. Ukiona moja ya maneno haya na asilimia kubwa mbele yake, usiache ile triko, hata kama rangi haikufurahishi. Ukiona coton, cotton ao Baumwolle, hiyo ni pamba: acha iwe ya siku ya ibada.

Kwa koti ya juu, weka kitambaa kwenye mdomo na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo utapita. Halafu omba maji kidogo, mwangia tone mbili juu ya bega. Yakikaa kama shanga na kuteleza, koti bado iko na nguvu. Yakinywewa, koti imechoka. Geuza nje ndani uangalie mshono: koti ya mvua ya kweli iko na utepe uliobandikwa juu ya mishono ya ndani. Kama utepe unabanduka, mvua itaingilia pale.

Jaribu zipu mara tatu, juu na chini. Zipu iliyokufa inageuza jaketi kuwa shati. Kama jaketi ni nzuri na zipu ni mbovu, fundi wa nguo anaweza kuibadilisha, lakini hesabu franga zake mbele ya kukubaliana bei na muuzaji.

Jihadhari na jaketi nene zenye manyoya ya ndege ndani. Zikiwa kavu zinatia joto sana, zikilowa manyoya yanashikana na hazifai kitu. Na jaketi ya ngozi inazuia upepo vizuri, inalinda ukianguka, lakini ikinywa mvua inakuwa mzigo wa kilo. Ni nzuri kwa motari wa kiangazi, siyo kwa mwenye anasukuma.

Mikono, miguu, kichwa

Mwili ukisikia baridi unarudisha damu ndani, kulinda moyo na tumbo. Vidole njo vinalipa. Na vidole njo vinashika freni.

Kwa mikono, njia rahisi ni ganti mbili juu ya ingine: ya ndani ya sufu ao ya kitambaa, ya nje ya mupira, zile za kuoshea vyombo, za nambari kubwa. Ya nje inazuia maji na upepo. Kama hauna ganti, vaa shosheti ya sufu mkononi kama mfuko. Hautashika vitu vidogo, lakini mikono itabaki hai. Mbele ya kuondoka, jaribu kukamata freni ukiwa umesimama. Ganti inayokuzuia kukamata haifai.

Kwa miguu, kambambili ni hatari mara mbili. Kwanza zinaacha mguu uchi. Pili, chukudu nyingi zinasimamishwa kwa kukanyaga kipande cha mupira kwenye gurudumu la nyuma. Mguu uliolowa ndani ya kambambili unateleza, na mguu wenye ganzi haujui umekanyaga kwa nguvu gani. Boti za mupira zinazuia maji lakini ndani yake mguu unatoka jasho, kwa hiyo ziombe shosheti ya kubadilisha. Kama uko na viatu vya kawaida tu, vaa shosheti, halafu sashe ya plastiki, halafu shosheti ingine ama kiatu. Sashe inafungia maji na upepo. Jioni, jaza kiatu na magazeti makavu, yatanyonya maji usiku.

Kwa kichwa, kofia nyembamba ya sufu chini ya kaske ya pikipiki ni sawa, bora kaske bado ifungwe vizuri. Usinunue kofia nene inayofanya kaske ikae juu ya kichwa kama sufuria. Shingo nayo usiisahau: kitambaa kimoja kilichofungwa shingoni kinazuia upepo kuingia kifuani, na mu kiangazi kinafunika mdomo juu ya vumbi.

Magoti ya mwenye chukudu yanaomba kitu chao. Wengi wanapigilia kipande cha mupira juu ya ubao pa kuwekea goti. Ni vizuri, lakini mupira unashika maji. Funga kitambaa kinene juu ya goti kwa kamba ya mupira wa ndani wa tairi, na ufunge hivyo hivyo mwisho wa suruali ili usiingie kwenye gurudumu ao mnyororo.

Vitu visivyoomba franga

Gazeti. Kunja karatasi kadhaa za gazeti ao karatasi ya mfuko wa simenti uliopanguswa vizuri, weka kati ya jezi na jaketi, mbele ya kifua. Karatasi inafunga upepo. Waendesha baiskeli wa Tour de France walifanya hivi miaka na miaka: juu ya mlima wanapokea gazeti kwa watu wa pembeni ya barabara, wanaliingiza kifuani na kushuka. Ikilowa unaitupa na kuweka ingine.

Sashe kubwa ya plastiki. Toboa mashimo matatu, ya kichwa na mikono, uvae chini ya jaketi kwa mteremko peke yake. Usipande nayo mlima, jasho litakuwa mto.

Kipande cha shitingi. Turubai iliyochakaa bado iko na sehemu nzima. Fundi anaweza kukata aproni ndefu ya kufunika kifua na mapaja, yenye kamba ya shingo na ya kiuno. Kwa motari na mwenye baiskeli, mapaja njo yanapokea mvua yote. Lakini usivae shitingi nzima kama joho. Upepo unaiinua, inafunika macho, inaingia kwenye gurudumu. Kitu chochote kinachoning'inia ni adui wa mtu wa magurudumu.

Mushumaa. Mishono ya koti inayovuja, paka nta ya mushumaa kwa nje, halafu ipitishie chupa ya maji moto ili nta iyeyuke na kuingia. Haitadumu mwaka, lakini itakusaidia masika moja. Usipige koti ya nailoni pasi ya makala: inayeyuka.

Walikale ni hesabu ingine

Mwenye anafanya kazi kwenye barabara ya Hombo, Musenge, Itebero paka Walikale, ao anatoka Mubi na Njingala, asifuate hesabu ya Mushaki. Kule baridi ya usiku ni ndogo, lakini mvua na matope ni ya kila mara na hewa haikaushi kitu. Koti nene ya mvua inakupika. Wengi wanaona bora kuloa maji ya mvua kuliko kuloa jasho, na hawana makosa: mu joto, jezi nyepesi na suruali fupi ya polyester ni sawa, bora uwe na nguo kavu ndani ya sashe mbili zilizofungwa, ya kuvaa ukisimama.

Adui mkubwa wa Walikale ni ngozi kukaa na maji siku nzima. Miguu inakuwa nyeupe, inapasuka katikati ya vidole, na vidonda vinaanza. Kila ukisimama kula, vua boti, pangusa miguu, uache ipate hewa. Shosheti mbili kwa siku ni kidogo sana ukilinganisha na juma zima bila kazi. Kati ya mapaja, paka vazelini ao mafuta ya mawese mbele ya kuondoka.

Na kama safari yako inapanda paka Masisi, triko ya sufu na koti viwe ndani ya mfuko hata kama unaondoka ukiwa unatoka jasho.

Rangi ya nguo si mchezo

Kwenye balo kuna makoti mazuri ya kijeshi ya nchi za nje, nene, ya kijani ao yenye mabaka. Yana nguvu, na wakati mwingine ni ya bei ndogo. Ndugu yangu, acha. Mu Masisi na Walikale, ambako kuna barriere za watu mbalimbali na ambako mstari wa vita unahama, mtu wa kawaida aliyevaa nguo inayofanana na ya askari anaweza kusimamishwa, kuulizwa, ama vibaya zaidi. Hakuna joto linalolingana na hatari hiyo. Hata buti za kijeshi na kofia zake, ziache.

Rangi ya kutafuta ni ile inayoonekana: njano, machungwa, nyekundu, nyeupe. Ukungu wa asubuhi unameza nguo nyeusi, na Fuso linaloshuka halitakuona. Jile yenye mistari inayong'aa ni moja ya vitu vya bei ndogo vinavyookoa maisha. Ivae juu ya koti, siyo chini. Kwenye chukudu na baiskeli, funga kitu chenye kung'aa nyuma ya mzigo pia, kwa sababu mzigo unafunika mgongo wako. Tochi ndogo mbele, hata ya kichwa, ni bora kuliko kutegemea mwezi.

Chombo nacho kinavaa

Matope yanayorushwa na gurudumu yanalowesha mgongo kuliko mvua. Kama baiskeli haina gardibu, kata upande wa bido ya plastiki ya zamani, toboa matundu mawili, ufunge kwa waya juu ya gurudumu la nyuma na la mbele. Kazi ya nusu saa.

Freni za mupira za baiskeli, rimu ikilowa, zinachukua muda mrefu kushika. Mu mvua anza kukamata mapema, kamata kidogo kidogo ili mupira upanguse maji, halafu kwa nguvu. Mwachie mwenzako wa mbele nafasi mara mbili kuliko siku ya jua: baki mbali naye.

Jioni, osha mnyororo kwa maji, pangusa, utie mafuta kidogo. Mnyororo mkavu wenye mchanga unakufa haraka, na kukatika kwake kutakuacha ukisimama mvuani, umelowa jasho. Hiyo nayo ni habari ya baridi.

Mama na mtoto nyuma ya motari

Motari anakingwa kidogo na mwili wa pikipiki, na anasogeza mikono. Abiria amekaa tu. Mtoto mgongoni mwa mama hasogei kabisa, na mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko wa mtu mukubwa. Mama, kwa safari ya alfajiri ao ya mvua, mbebe mtoto mbele, kifua kwa kifua, kati yako na mgongo wa motari, na koti yako ifunike wote wawili, uso wake ukibaki na hewa. Mtie kofia na shosheti. Mtoto aliyenyamaza sana njiani si lazima amelala vizuri. Simamisha motari, mguse tumbo na kifua. Kama ni baridi, ingieni nyumba ya karibu, mvue nguo zilizolowa, umweke juu ya ngozi yako chini ya blanketi, na mtoto mdogo umnyonyeshe. Asipochangamka, nenda kituo cha afya cha karibu.

Motari mwema anauliza abiria kama iko na koti mbele ya kuwasha.

Dalili za kusimama haraka

Joto la kawaida la mwili ni digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu iko mu hatari, hata kama nje hakuna theluji. Kuloa na upepo vinatosha. Dalili za kwanza ni kutetemeka bila kuacha, vidole kushindwa kufunga zipu, na kujikwaa. Halafu maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, na mtu anakataa kusaidiwa. Hatua mbaya kabisa ni akiacha kutetemeka bila kupata joto. Hajapona. Mwili umechoka.

Mpeleke mahali hakuna upepo. Mvue nguo zilizolowa zote, hata kama ana aibu, umfunike na kavu, kichwa pamoja. Kama anajitambua na anameza vizuri, mpe chai moto yenye sukari nyingi, ao uji. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, na usimweke karibu kabisa na moto, ngozi yenye ganzi inaungua bila kusikia. Kama amepoteza fahamu, usimpe kitu mdomoni, tafuta muganga.

Na kanyanga? Wengi wanapiga kidogo asubuhi ili kupata joto. Ukweli ni kwamba pombe inafungua mishipa ya ngozi: unasikia moto usoni, lakini joto la ndani linatoka nje. Juu ya hiyo, inakuondolea akili ya kukamata freni. Mukate, ndizi na chai ya sukari vinatia joto la kweli, kwa sababu mwili unachoma chakula.

Kitu kimoja tena. Ukifika nyumbani, usikaushe nguo juu ya mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa, na usilale nayo. Makala inatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje, ao mlango na dirisha viwe wazi, na itolewe mbele ya kulala.

Ununue nini kwanza

Kama franga zinakuja kidogo kidogo, fuata mstari huu:

1. Juma hili, bila kununua: vua pamba kwenye ngozi, vaa jezi. Weka gazeti, sashe na nguo moja kavu ndani ya mfuko.
2. Ya kwanza kununua: ganti za mupira na shosheti mbili za sufu. Ni za bei ndogo kuliko zote, na zinalinda freni yako.
3. Ya pili: jile inayong'aa.
4. Ya tatu: koti nyembamba ya kufunga upepo na mvua, iliyopimwa kwa pumzi na kwa tone la maji.
5. Ya ine: triko ya sufu.
6. Ya tano: boti za mupira, nambari moja zaidi ya mguu wako ili shosheti ziingie.

Motari anaweka kaske mbele ya vyote hivi.

Wenye kufanya kazi pamoja wanaweza kusaidiana zaidi. Mu likelemba ya juma, mahali pa kugawa pesa tu, kundi linaweza kununua balo ndogo ya triko na kugawana, ao kukubaliana na fundi mumoja ashone aproni kumi za shitingi kwa mara moja. Mwenye kwenda peke yake sokoni analipa zaidi.

Na kule juu ya mlima, ukimuona mwenzako anashuka na singleti iliyolowa, mwite asimame. Mpe lile gazeti la akiba. Kesho anaweza kuwa yeye mwenye kukupa.